Maji Kupwa Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mwaka wa thelathini na nane tangu nitoke kwetu. Asubuhi mke wangu ameondoka kwenda kumuuguza dada yake, atarudi Jumapili. Amesimama mlangoni, begi mkononi, akatoa hukumu kabla ya kesi: akikuta tone moja la maji kwenye zulia lake, tangi langu la samaki linahamia kwa kaka yake. Nimeapa. Kisha nimeapa tena, ingawa mara ya pili hakuniomba.

Kaka yake, yaani shemeji yangu, anakaa mtaa wa nyuma. Tunamwita Meneja kwa sababu aliwahi kukaimu umeneja wa ghala msimu mmoja na hajashuka cheo hicho hadi leo. Ameshaupima ukuta wake kwa futi. Ametangaza kwamba akilipata tangi atang'oa matumbawe yote, aweke kokoto za rangi na ngome ya plastiki. Ngome! Ya plastiki! Matumbawe niliyoyapokea yakiwa na ukubwa wa kifungo cha shati, nikayalea hadi yakawa na shingo na mabega!

Haitatokea. Kuanzia wiki hii tangi litajiendesha lenyewe, bila mkono wa mtu wa kumwaga kitu. Mimi nitakaa kitini nisome.

Jumanne, 5 Machi

Kisanduku cha kuendesha tangi kimefika. Kinawasha taa, kinapasha maji moto, kinalisha samaki. Maji yakipungua kwa kugeuka mvuke, boya dogo linashuka, nacho kinaongeza maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye ndoo. Kuna hata kihisio cha kuweka sakafuni: kikilowa, habari inaruka moja kwa moja kwenye simu. Jambo lolote likitokea, simu inajua.

Kimetaka jina na namba ya mkuu wa kaya. Nimejaza bila kufikiri, kama ninavyojaza karatasi zote za nyumba hii: jina na namba ya mke wangu. Kimeshukuru.

Nimesoma maelekezo yote, pamoja na kurasa za lugha nisizozijua. Hakuna mahali wanapotaja maji kupwa na kujaa. Nimerudia. Hakuna! Watu wamekaa wakabuni bahari isiyotoka wala kuingia. Hilo ni beseni.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia muuza samaki. Nimemuuliza pampu gani itafaa ili mwamba wangu ubaki wazi mara mbili kwa siku. Akauliza kwa upole, mzee, samaki umewachoka? Nikamweleza kwamba nilikokulia maji yalikuwa yakitoka, mwamba unabaki mtupu, tunatembea juu yake kwa viatu vya raba huku tumeinama kama watu waliopoteza sindano. Samaki walisubiri kwenye madimbwi. Hakuna aliyelalamika. Akasema sawa mzee, lakini pampu ikirudi hapa imelowa, mimi na wewe hatujuani. Mwoga.

Mpango ni huu. Pipa nyuma ya kochi. Pampu moja inatoa maji tangini hadi pipani, nyingine inayarudisha, na swichi ya saa inazipangia zamu. Kisanduku sikukihusisha. Kina kazi zake.

Saa nimezitega kwa majira ya kwetu, na taa vilevile. Jua la kwetu hutangulia la huku. Sioni kwa nini matumbawe yangu yachelewe kuamka kwa sababu tu mimi nilihama.

Alhamisi, 7 Machi

Meneja amekuja jioni na futi yake mfukoni. Amekuta tangi giza totoro. Akauliza kama umeme umekatwa. Nikamjibu kwamba kwetu saa hizi watu wamelala. Akanitazama, akatazama tangi, akasema, loo, shemeji, hata samaki umewapeleka uhamishoni? Nikamwambia samaki hawa walizaliwa dukani. Wa uhamishoni humu ni mmoja tu, na anaomba asipimwe kwa futi. Akacheka peke yake. Chai sikumkaribisha. Alijikaribisha.

Mke wangu amepiga simu. Samaki wanaendeleaje? Shwari. Zulia? Shwari. Hakuna kitu kipya nyumbani? Kitu gani, mama! Akasema "haya." Ile "haya" yake ni nyumba yenye vyumba vingi, na vyote vimefungwa.

Kisanduku hakijaniletea ujumbe hata mmoja. Maana yake hakuna tatizo. Kazi safi sana.

Ijumaa, 8 Machi

Mchana wa leo maji yamekupwa sebuleni kwangu!

Yalishuka polepole, kwa heshima. Kwanza kikajitokeza kilele cha jiwe, kisha mabega, kisha matumbawe yakang'aa na kujikunyata. Wale samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa wakateremka kwenye dimbwi la chini bila kusukumana. Ikaja harufu. Nilikuwa nimeisahau, na pua haikuwa imesahau. Nikavua viatu. Sijui kwa nini.

Kisha nikasikia kisanduku kikinguruma. Nikafurahi, nikadhani kinanipongeza.

Nilichelewa kuelewa. Boya liliona maji yameshuka. Boya halijui habari za maji kupwa. Lilidhani yamegeuka mvuke. Kisanduku kikaongeza. Mwamba wangu ukiwa wazi, kikazidi kuongeza, ndoo nzima, kwa bidii ya mfanyakazi mpya. Halafu saa ikafika, na pampu ya pipa ikaleta maji kujaa juu ya yale.

Nilitumia taulo. Nilitumia mashuka. Nilitumia koti langu. Zulia limekunywa kama ngamia.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi samaki wanaelea upandeupande kama watu waliotoka harusini. Chumvi imezimuliwa mno. Nimekichomoa kisanduku, nikameza fahari, nikamwita Meneja anisaidie ndoo, maana mgongo wangu hauinui tena. Tumerudisha chumvi kidogo kidogo. Alibeba ndoo kwa adabu zote. Afadhali angetukana. Zulia tukalitandaza kwenye ukuta wa baraza. Samaki wakaanza kunyooka. Nikapiga hesabu: siku moja ya jua kali na nimeokoka.

Mlango ukafunguliwa. Mke wangu. Siku moja kabla!

Aliniangalia: suruali imekunjwa hadi magotini, taulo shingoni. Akauliza kama ninajifunza kuogelea. Nikaanza kueleza habari za unyevu wa hali ya hewa. Akatoa simu, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari: Taa zimewaka, saa tisa usiku. Maji pungufu, naongeza. Maji pungufu, naongeza. Maji pungufu, naongeza. Sakafu ina maji. Akasema, "Mashine yako ina adabu kukushinda, mzee. Yenyewe inatoa taarifa."

Meneja akatoa futi. Akapima upana wa tangi, akapima mlango. Nilimwona akihesabu mahali pa ngome. Kiapo ni kiapo, na mimi nilikula viwili.

Hapo swichi ya saa, ambayo hakuna aliyeikumbuka, ikaanza zamu yake. Maji yakashuka. Mwamba ukatoka. Kaa wangu mdogo, yule anayeishi ndani ya gamba la konokono, akapanda juu ya jiwe, akasimama akitafuna hewa kama mwenye shamba.

Mke wangu aliweka begi chini. Akachuchumaa. Tulizaliwa ufuko mmoja, yeye upande wa mnarani, mimi upande wa sokoni. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba mama yake alikuwa akimkataza kwenda mbali na madimbwi, na kwamba hakuwahi kumsikiliza.

Meneja akauliza, basi, dada, nilete mkokoteni?

Akamwambia alete. Achukue zulia. Humu ndani limekosa mahali pa kukaa.

Jumapili, 24 Machi

Masharti ya mke wangu: maji yanakupwa yeye akiwa amekaa hapo na chai yake, si vinginevyo. Kisanduku kimefundishwa kusubiri. Sakafu ni vigae vitupu. Tumeishi kwa amani wiki mbili.

Ila kuna kasoro. Kupwa kwetu ni kwa kila siku, kwa kawaida tu. Kesho mwezi mpevu, na mwezi mpevu una bamvua: maji hutoka mbali kabisa na kurudi juu kabisa. Pipa halitoshi bamvua. Beseni la kuogea linatosha. Kesho mke wangu anakwenda kwa dada yake hadi jioni. Mpira mrefu nimeshaupitisha chini ya mlango wa bafu, na kihisio cha sakafuni nimekivisha mfuko wa plastiki kisije kikasema ovyo.

Meneja amepita kuniambia amekata tiketi ya kwenda kwetu mwezi ujao. Twende pamoja, shemeji, ukaone mwamba wenyewe. Nimemshukuru. Nimemwambia mimi sitarudi: bahari yangu nimeshaileta sebuleni.