Mwalimu wa Michezo ni Mmoja Tu

Jumatatu, 5 Mei

Mwalimu mpya kafika. Anaitwa Mwanaima, kahamishiwa kwetu kutoka Geita. Mdogo wa umbo, hijabu ya bluu, na miguuni raba. Raba! Siku ya kwanza kazini! Nikajua hapa kuna jambo.

Kaniamkia shikamoo kwa adabu zote. Nikaitika marahaba kwa uzito unaonistahili. Mimi ndiye mwalimu wa michezo hapa. Filimbi imekaa shingoni mwangu tangu wanafunzi wa sasa hawajazaliwa. Huku kwetu, nje kidogo ya Tinde, ukitaja michezo umemtaja Mabula.

Mwalimu Mkuu, Mama Generosa, katangaza ofisini kwamba mwisho wa mwezi kuna bonanza la michezo ya watoto Geita na shule yetu imealikwa. Watoto watasafiri na mwalimu wa michezo. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Ninaingojea safari ya namna hii tangu nivae filimbi. Kisha Mwalimu Mkuu akamgeukia mgeni, akamuuliza kama naye anapenda michezo.

Kasema kidogo tu. Watu wa kidogo tu nawaogopa.

Jumanne, 6 Mei

Kipindi changu kimekwenda vizuri kama kawaida. Mbio za kuzunguka uwanja. Anayechoka anatoka, anakaa ukutani. Mwisho anabaki bingwa. Utaratibu mzuri, na mwalimu anaweza kuusimamia akiwa amekaa. Leo alibaki mtoto mmoja anakimbia na darasa zima likiwa ukutani. Nidhamu ya hali ya juu.

Baada yangu akatoka Mwanaima na darasa la nne. Kabeba ndoo ya majivu. Nikahamisha kiti nione vizuri atakavyoaibika.

Mchezo wake anauita Rashi. Kule Geita, ikisikika dhahabu imeonekana mahali, wachimbaji huacha kila kitu wakakimbilia huko. Ndiyo rashi. Basi kachora maduara chini kwa majivu, kila duara shimo la dhahabu. Watoto wanatembea kama bata, wanaruka kama chura, wanajipindapinda, vyovyote atakavyosema. Akipaza sauti "Rashi!" kila mmoja aingie kwenye duara. Kisha anafuta duara moja kwa kiatu. Wanaanza tena. Akafuta jingine.

Nikasubiri watakaokosa nafasi watolewe. Hakutolewa mtu! Wanabanana. Wanabebana. Mwisho likabaki duara moja na darasa zima ndani yake, wameshikana viunoni, wanacheka mpaka wanalia. Katikati kabisa alikuwa Paskazia, yule binti mwenye mguu mmoja mfupi. Kwenye vipindi vyangu huyo anashika viatu vya wenzake. Leo alikuwa mgongoni kwa mwenzake, kanyoosha mikono juu kama rais wa nchi.

Humu hasomi mtu, kwa hiyo nitasema kweli. Ni mchezo mzuri. Mzuri sana. Nimeuchukia kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetumia akili. Nimeuchukua mchezo wake na kuuboresha. Kwangu mimi, anayekosa duara anatoka, anakwenda ukutani. Lazima pawe na bingwa, la sivyo tunacheza kwa faida gani?

Watoto wakagoma kwenda ukutani. Walisimama tu wakiniangalia kwa huruma. Paskazia akanyoosha kidole, akaniambia kwa heshima kwamba mwalimu nimekosea, na kama sijaelewa yeye anaweza kunielekeza polepole.

Akapita Mwanaima. Hakukasirika! Kasema amefurahi sana kuona na mimi nimeupenda. Tena kafurahi kwelikweli, uso mzima. Hasira zangu zikakosa mahali pa kukaa.

Jioni Mwalimu Mkuu kaniita. Anafikiria kumpeleka Mwanaima Geita. Anapajua, na watoto wanampenda. Nikamwomba anipe mpaka kesho.

Ijumaa, 9 Mei

Nimesimama kwenye kikao cha walimu nikazungumza kwa hekima. Nimesema sisi tuko Usukumani. Ngoma mbili zikigombana, haziendi kwa hakimu. Zinaingia uwanja mmoja, siku moja, wakati mmoja, huyu kule na yule huku, kila mmoja anacheza. Watu wakikimbilia upande mmoja, basi, kesi imekwisha. Nimeomba mimi na Mwanaima tushindane hivyo hivyo, wiki ijayo, mbele ya wazazi. Atakayevuta watoto ndiye mwalimu wa michezo, na ndiye wa Geita.

Ofisi nzima ikapiga makofi. Mwanaima kaomba aelezwe tena, akacheka, akakubali. Mwalimu Boaz wa hisabati, tunayekaa naye meza moja, kaninong'oneza kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimemwambia hayo amwambie yule mgeni. Mgeni hajui kwamba hakuna ngoma ya Kisukuma inayoingia uwanjani bila dawa.

Jumamosi, 10 Mei

Sokoni Tinde kwa Mzee Bujiku. Siku hizi anauza kuku, lakini enzi zake alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, na akiingia uwanjani wapinzani walibaki wanajichezea wenyewe. Nikamwamkia, mwangaluka baba, nikamweleza shida. Hakushangaa hata kidogo. Kaniuliza tu ukubwa wa uwanja.

Kanipa mfuko wa unga wa kijivu. Niumwage upande wangu wote alfajiri ya siku yenyewe, nisiutemee mate, nisimwambie mtu. Malipo jogoo mmoja.

Mke wangu, Mama Scola, kauliza jogoo wake yuko wapi. Nimemwambia katoka.

Jumatano, 14 Mei

Nimebaki baada ya masomo nikijifanya nakagua magoli. Kumbe namchunguza Mwanaima.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu wanaona watoto wanacheka tu, hawaoni kazi. Kaja juzi na tayari anamwita kila mtoto kwa jina lake. Mimi wote nawaita wewe. Anakimbia nao, anaanguka nao, anajifuta vumbi. Mwenye aibu anampa kazi ya kupiga kelele. Mwenye ubabe anampa kazi ya kulinda wadogo. Na kaweka sheria moja ambayo haivunjwi: ikisikika Rashi, mkubwa haingii kwenye duara kabla hajamshika mdogo mkono. Marwa wa darasa la sita, ambaye mimi nimemfukuza kipindini mara zisizohesabika, leo nimemwona anarudi mbio kumchukua mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa ameduwaa.

Nilitaka kupiga makofi. Nikakumbuka mimi ni mpinzani. Nikaushika mlingoti wa goli, nikautikisa, nikasema uko imara.

Ijumaa, 16 Mei

Sijui nianzie wapi.

Alfajiri nimemwaga dawa upande wangu wote, iliyobaki nikaitia mifukoni. Saa nne wazazi wamejaa. Watoto wakapangwa katikati. Mimi traksuti mpya, magunia ya kukimbilia, kamba ya kuvutana. Mwanaima ndoo yake ya majivu. Mwalimu Mkuu akapunga kitambaa.

Watoto wakakimbia. Vumbi! Lilipotulia, upande wangu alikuwapo mmoja. Scolastika, binti yangu wa kumzaa, kwa amri ya mama yake. Tukavutana kamba, mimi na yeye. Akaniangusha. Kisha akasema samahani baba, akaondoka.

Sikukata tamaa. Dawa haina haraka. Nikafumba macho, nikasikiliza. Na kweli! Vishindo kwa mbali. Vinakaribia. Vishindo vya miguu mingi! Moyo ukanidunda kwa furaha. Kundi linakuja! Nikafumbua macho nilipokee.

Lilikuwa na pembe.

Ng'ombe wa Mzee Mwigulu. Kila siku saa hizo wanapita nyuma ya shule kwenda lamboni kunywa maji, wala hawatusumbui. Leo walinusa, wakageuka, wakaingia uwanjani wote, mchungaji anapiga mluzi nyuma yao bila msaada. Wakaanza kulamba upande wangu. Chumvi! Mzee Bujiku alinipa chumvi ya mifugo! Wazazi wakapiga mayowe, na mayowe yakawashtua ng'ombe. Wakaanza kwenda ovyo, na wengine wakaelekea kwa watoto.

Hapo niliogopa. Si kwa ajili ya Geita. Wale ni watoto wadogo, na dawa nimeimwaga mimi.

Mwanaima hakukimbia. Alipiga mstari wa mviringo kwa kiatu mbele ya mlango wa darasa la pili, akapaza sauti: "Rashi!"

Mara moja tu. Na watoto wakaja! Hakuna aliyesukuma. Kila mkubwa kamshika mdogo, kama walivyozoea, mbiombio, wakajibana ndani ya lile duara mpaka ndani ya darasa, na wa nje kabisa walikuwa wale wakubwa wababe, mikono wameitandaza. Paskazia alikuwa mgongoni kwa Marwa. Hakuanguka mtoto. Hakulia mtoto. Walidhani ni mchezo unaendelea! Nami nimesimama katikati ya ng'ombe, nikasema kwa sauti, peke yangu, huyu mwanamke ni mwalimu.

Kisha dume moja likagundua kwamba mifuko ya traksuti yangu nayo imejaa dawa.

Nilikimbia. Nimezunguka uwanja ule ambao nimewakimbizia watoto miaka yote, na leo ndiyo nimejua kwamba ni mrefu. Wazazi walikuwa wanashangilia, sijui wanamshangilia nani. Pumzi zikaniishia. Nikasikia sauti ya Paskazia: "Mwalimu, njoo! Nafasi ipo!"

Haikuwapo. Walikuwa wamebanana hawawezi hata kujikuna. Lakini wakasogea. Wakanivuta. Mikono midogo ikanishika tumbo, mkanda, masikio. Utotoni nilikuwa mnene, hakuna aliyenichagua kwenye timu yake, na sikumbuki kama kuna mtu aliwahi kunisogezea nafasi. Nilikuwa nahema. Kisha nikagundua nacheka. Nilicheka nao mpaka machozi, na Mwanaima naye anacheka, na dume nje linalamba mlango.

Mchungaji alipowatoa ng'ombe, mzazi mmoja mzee akasema ameona ngoma nyingi, ila hajawahi kuona manju akihamia kwa mpinzani wake ngoma ikiwa katikati.

Jumamosi, 17 Mei

Kwa Mzee Bujiku, nikiwa nimekasirika. Nikamwambia dawa yake ni chumvi. Akasema ndiyo, ni chumvi, kwani alisema ni nini? Kanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Ukimwaga chumvi, ng'ombe watakuja. Ng'ombe wakija, wenye ng'ombe watawafuata. Wenye ng'ombe wakija, wake zao watakuja kuuliza kuna nini. Hapo una watazamaji, anza ngoma. Kosa langu ni kwamba sikusubiri.

Nimeifikiria njia nzima wakati wa kurudi. Sioni pa kuipinga.

Jogoo hakurudishwa. Kauzwa. Mama Scola kanieleza kwa kirefu anavyoniona mimi. Kamaliza kwa kumsifu Mwanaima. Nikamuunga mkono, tukajikuta tunamsifu wote wawili mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 19 Mei

Nimevua filimbi mwenyewe, kabla sijaombwa. Nimemvisha Mwanaima mbele ya paredi ya asubuhi. Nimesema maneno mazuri. Nimesema shule imepata mwalimu, na nilimaanisha. Watoto wakapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote.

Nikarudi ofisini nikakaa. Shingo nyepesi. Nikaangalia dirishani wakitoka kwenda uwanjani na ndoo ya majivu. Nimehuzunika, nisidanganye. Boaz kanipa karanga, hakusema methali.

Mchana Mwanaima akaja. Shikamoo mwalimu. Kasema kazungumza na Mwalimu Mkuu kwamba watoto wale ni wengi, hawezi kwenda nao Geita peke yake, anahitaji msaidizi. Kawauliza watoto wanamtaka mwalimu gani. Wamesema yule anayekimbia vizuri.

Nimeomba udhuru, nikatoka nje kupenga kamasi.

Ijumaa, 30 Mei

Geita! Tumefika salama. Mji una pikipiki nyingi kuliko mbuzi wa kwetu, na kila baada ya duka moja kuna mtu ananunua dhahabu. Mwanaima anasalimiwa kila kona. Kina mama wanatoka vibandani kumkumbatia. Vijana wenye matope mpaka kichwani waliofunzwa naye wanamwita mwalimu na kusimama wima. Nilitembea nyuma yake kwa fahari nimebeba ndoo.

Jioni hii tumekwenda kuuona uwanja. Kesho shule zote zitacheza Rashi kwa pamoja, watoto wa wachimbaji, wa wafugaji, wa wafanyabiashara, na walimu nao wamo. Mwanaima kawaeleza walimu wenzake taratibu, na kila mmoja kashangaa. Hatolewi mtu. Hakuna mshindi wala wa mwisho. Lengo ni wote tumalize ndani ya duara moja. Kuna mwalimu wa hapa alitikisa kichwa kwa kustaajabu, akasema mchezo kama huo unatufundisha hata sisi watu wazima. Nikamwambia hasa sisi watu wazima. Nimeguswa sana, na nimempongeza Mwanaima tena.

Kanikabidhi majivu nichore maduara. Kesho mimi ndiye wa kuyafuta pia, moja moja, kadiri nitakavyoona inafaa. Kaniamini kabisa.

Basi nimefanya hivi. Lile nitakaloliacha la mwisho nimelichora pale pale nitakapokuwa nimesimama, nikaweka kijiwe kiwe alama yangu. Wenzangu wote watatoka mbali, wakihema. Watanikuta ndani. Mchezo usio na mshindi, na katika watu wote hawa wenye elimu hakuna aliyewahi kufikiria kuushinda! Kesho nitakuwa wa kwanza.