Simu Isizime Kabla Hajapiga

Jumatatu, 6 Mei

Mke kahamia kwa mama yake leo. Hospitali iko karibu na kwao, na mtoto anaweza kuja siku yoyote wiki hii. Agizo aliloniachia ni moja tu: simu iwe hewani. Uchungu ukianza atanipigia, na mtoto akizaliwa mimi sipo, nisimwonyeshe tena uso wangu. Kasema huku anatabasamu, lakini lile tabasamu nalijua.

Tatizo ni betri. Imezeeka. Natoka nyumbani imejaa, nikifika kazini inaomba maji. Na jengo ninalopaka rangi halijaingizwa umeme. Fundi simu kaniambia betri za aina hii hazitengenezwi tena, kisha akanirudishia simu kaishika kwa ncha za vidole. Dharau!

Shemeji, mdogo wake mke, kabaki kwangu. Eti ananisaidia kupika. Najua kaachwa na mama mkwe anichunge. Ana kisimu cha vibonyezo ambacho hukichaji siku akikumbuka. Jioni nzima kakiweka mezani, anakitazama, ananitazama, anacheka. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia wiki hii simu yangu itakaa na chaji kuliko hicho kidude chake. Tumewekeana dau: atakayezimikiwa kwanza atapika mpaka mtoto ajue kutembea.

Jumanne, 7 Mei

Vita vimeanza. Nimepunguza mwanga wa kioo mpaka mwisho. Nimezima mtetemo na milio. Nimefuta programu zote ambazo sikumbuki kazi zake. Picha ya harusi iliyokuwa kwenye kioo nimeiondoa, nimeweka weusi mtupu. Mke ataelewa.

Hasara ndogo: juani kioo hakionekani kabisa. Mchana nilimpigia mke kumjulia hali. Nikamwita mpenzi wangu, nikamwuliza tumbo linaendeleaje. Kumbe nimempigia mwenye jengo! Kajibu tumbo lake halina neno, akataka kujua ukuta wa nyuma utakauka lini.

Jioni simu bado hai. Kwa kuchechemea, lakini hai. Cha shemeji kimejaa pomoni. Sikumtazama.

Jumatano, 8 Mei

Nimegundua! Kuna alama ya kindege. Ukiigusa, simu inaacha kuhangaika kutafuta mtandao na chaji haishuki. Najua, simu za watu nazo haziingii. Mimi si mjinga. Nimeweka utaratibu: kila saa nafungua mtandao dakika moja, kisha nafunga. Kama dirisha la ofisi. Mwenye shida yake atakuta dirisha wazi.

Nimerudi na asilimia themanini. Shemeji kaishika simu, kaigeuza, kanusa kama kuna uongo, hakuuona. Siri hii simpi mtu. Hata mke simwambii saa za dirisha, maana akijua yeye, shemeji atajua kabla chai haijapoa.

Mke alinipata jioni. Kasema kapiga mchana mara nne. Nikalaumu mtandao, siku hizi ovyo kabisa. Kasema mama yake anashikilia kwamba ovyo ni mimi. Kacheka sana. Mimi kidogo.

Alhamisi, 9 Mei

Shemeji kanifuma. Kaona kindege. Kanieleza taratibu, kama anayeongea na mtoto, kwamba simu hazipangi foleni nje zikingoja kufunguliwa, zinarudi zilikotoka. Nikamwambia mtu mwenye shida ya kweli hurudia kupiga. Akasema atamweleza dada yake. Nikamkumbusha analala nyumba ya nani.

Karudi jikoni. Ni wivu tu. Kisimu chake kimepungua mstari mmoja, nimekiona.

Ijumaa, 10 Mei

Acha nianze mwanzo.

Asubuhi nilipanda ngazi na rola yangu, ukuta wa juu, rangi ya kijani. Dirisha la saa tatu likanipita, mikono ilikuwa imejaa rangi. La saa nne nalo likapita, maana nilikuwa kwenye kona, na kona ukiiacha katikati inaacha alama. Nikajiambia saa tano nitafungua dakika mbili, kufidia.

Saa tano haijafika, nikasikia naitwa kutoka barabarani. Sauti hiyo naijua. Mama mkwe! Kapanda pikipiki, kaketi upande, mkoba kaupakata, kofia ya dereva imemfunika mpaka nyusi. Kwa sauti ya kusikika mtaa mzima akatangaza kwamba mwanawe yuko chumba cha kujifungulia tangu alfajiri, kwamba wamenipigia mpaka simu zao wenyewe zimeisha chaji, na mimi niko nimening'inia ukutani kama nguo iliyosahauliwa. Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nilikanyaga kopo la rangi.

Tukapakiana watatu. Dereva mbele, mimi katikati, mama mkwe nyuma kanikamata shati. Njia nzima ananisema sikioni. Nilikuwa naomba Mungu tu. Sijawahi kuogopa namna ile. Akilini nilimwona mke kageukia ukutani, hataki kuniona. Kisha yakanijia mengine mabaya zaidi, nikayafukuza, yakarudi.

Nesi mlangoni kanikagua kuanzia nywele mpaka viatu, vyote kijani, kasema nikanawe kwanza. Nikanawa. Nikaingia. Hajazaliwa! Mke akaunyakua mkono wangu, akaubana mpaka nikaona nyota. Sikulalamika. Angetaka na wa pili ningempa.

Haikuchukua muda, sauti. Kali! Msichana. Mzima, na mama yake mzima. Daktari kasema kila kitu kimekwenda salama. Nikakaa sakafuni nikalia mbele ya mama mkwe bila aibu. Naye, yeye mwenyewe, akanipa ncha ya mtandio wake nifute uso. Wiki nzima nilikuwa nimebeba jiwe kifuani bila kujua. Limeshuka. Wapo, wote wawili wapo.

Baadaye mke akauliza simu ilikuwa na nini. Nikaitoa mfukoni. Asilimia tisini na moja. Mama mkwe akafungua mdomo, akaona mtoto kalala, akaufunga.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeshinda! Kisimu cha shemeji kilizima jana. Ukoo mzima ulimpigia kumwuliza niko wapi mpaka kikakata roho. Kadai huo si ushindi wa haki. Nikamwonyesha jiko. Kaunguza chakula, nikala chote, raha tupu.

Mke kanisamehe. Kesho wanaruhusiwa kutoka. Akipewa ruhusa tu atapiga, niende na gari kuwachukua. Kaniapisha mbele ya mama yake kwamba safari hii simu haitanizimikia. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Jumapili, 12 Mei

Niko nje ya nyumba na dereva wa teksi tangu asubuhi. Gari limeoshwa. Kiti cha nyuma nimekitandika shuka safi, nimelinyoosha mara tatu. Nina furaha mpaka dereva kaniuliza kama nina homa.

Yaliyotokea Ijumaa nimeyatafakari kwa kina. Kosa lilikuwa madirisha. Mengi mno! Mtu mwenye kazi zake atayakumbuka yote vipi? Nimeyafuta, nimebakiza moja tu, la jioni. Hilo sitalisahau kamwe.

Dereva sasa anauliza kama nina hakika ni leo. Nimemwambia atulie, madaktari ndivyo walivyo, wangekuwa tayari wangeshapiga. Mambo ni shwari. Asilimia mia moja, haijashuka hata moja! Wakipiga tu, hawatakuta imezima.