Nguo Zangu kwenye Kapu la Mama

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya pili chumbani kwangu. Peke yangu! Ufunguo wangu, kitanda changu, na lundo la nguo chafu, nalo langu. Leo kazini, kwenye duka letu la vifaa vya ujenzi, Kola kaniuliza nani ananifulia. (Kola ni karani wa stoo. Kola ya shati lake inaweza kukata mkate.) Nikamjibu nafua mwenyewe tangu darasa la tano. Akanusa hewa. Mshenzi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili! Mama hufua kila Jumatano. Jioni nimeenda kumsalimia, nikazichomeka nguo zangu kwenye kapu lake, chini kabisa, katikati ya mashuka. Atafua bila kujua. Ijumaa nitazichomoa kwenye kamba. Nimemwambia sasa najitegemea. Akafurahi, akanifungia chakula. Nimebeba. Kukataa ni utovu wa adabu.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Duka limejaa wateja, mama huyo mlangoni na mfuko. Meneja akamkaribisha kwa heshima zote, akamtafutia kiti. Mama akaniita kwa jina la utotoni, lile ambalo sitaliandika hata humu. Kisha, mbele ya kila mtu:

"Mwanangu, ulisahau nguo zako kwangu. Nimezipiga na pasi. Ile chupi iliyotoboka nimeitia kiraka."

Kola alijificha nyuma ya mifuko ya saruji. Mifuko ikatikisika.

Nilipopokea mzigo ndipo nikaona mkono wa kulia wa mama una bendeji. Nikauliza. Akasema aliteleza bafuni, si kitu, kafulia wa kushoto. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu! Nikajifungia stoo, nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Kola akanifuata. Nikajiandaa kwa kejeli. Akaniwekea kipande cha sabuni mapajani, akatoka.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeenda kwa mama kufua nguo zake zote. Kwa mikono yangu! Gauni lake jekundu nikalitumbukiza pamoja na mashuka meupe. Mashuka sasa ni ya waridi. Vidole vimechubuka. Mama kakaa kwenye kigoda, mkono kifuani, akinielekeza na kucheka mpaka machozi. Akasema kumbe ana mtoto mkubwa. Nikashindwa kumtazama usoni. Nikaapa kimoyomoyo: mama sitamsumbua tena maishani.

Jumapili, 9 Machi
Kiapo nimekitimiza. Nimebadilika kabisa! Asubuhi nimeamka mtu mzima, nikakunja nguo zote za wiki vizuri, nikazipeleka kwa shangazi. Anaishi peke yake, maskini, hana hata mtu wa kumshughulisha. Akaguna, lakini akapokea. Nimemsisitizia asijisumbue na pasi. Hiyo nitapiga mwenyewe, nikishaazima ya jirani.