Kisu Hunolewa Kwanza

Jumatatu, 24 Februari 2003

Kompyuta imefika! Wiki tatu ilikwama bandarini, leo imepandishwa ngazi zetu hapa Mtaa wa Mchikichi na wapagazi wawili, taratibu, kama mgonjwa. Mzee Shashikant, bosi wetu, ametangaza kwamba mikanda ya video za harusi sasa itasafishwa humo ndani. Chenga zitatoka, rangi zitakaa sawa. Ila fundi wa mashine atakuwa mmoja tu. Mimi au Melkiori. Ataamua Jumamosi.

Melkiori! Ana mwaka mmoja kazini. Mimi nina sita. Kabla hata ya chai alikuwa keshabandika karatasi ukutani: kwanza chenga, pili rangi, tatu kunoa picha. Kunoa mwisho? Mimi mtoto wa mwenye bucha Buguruni. Kisu hunolewa kabla ya kuchinja! Nimeicheka ile karatasi mpaka Mzee akaniuliza kama ninaumwa.

Jumanne, 25 Februari

Tumepewa mtihani. Harusi ya Hinal, binti wa Mzee mwenyewe. Melkiori kapewa karamu, mimi nimepewa mkanda wa siku ya kwanza, pale nyumbani. Mzee amenieleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake, Bibi Jasvanti, hakuiona siku hiyo. Alikuwa hospitali, amepasuliwa mtoto wa jicho. Na Hinal keshahamia kwa mumewe Mombasa. Daktari amemruhusu bibi kutazama televisheni kuanzia Jumamosi. Kitu cha kwanza anachotaka kukiona kwa macho yake mapya ni mkanda huo.

Nimeuweka. Loo! Manjano matupu! Uso wa Hinal manjano, mikono manjano, hata nyayo. Na aliyepiga picha ni nani? Melkiori! Kasahau kurekebisha kamera kwa taa za ndani. Nitausafisha, kisha nitauonyesha mbele ya ukoo mzima, na kila mtu atajua fundi ni nani. Mzee ameniuliza kama nina la kumuuliza Melkiori. Nimejibu kwamba mtu haulizi njia ya kwao.

Jumatano, 26 Februari

Nimenoa kwanza. Mashine imepika masaa matano. Matokeo: kila chenga imenoleka. Hinal kama kamwagiwa mchanga.

Nikaondoa chenga, kwa nguvu zote. Zimetoka! Zimetoka na masharubu ya mjomba mmoja, na pua ya shangazi. Melkiori kapita nyuma yangu akasema, “Kaka Haruna, ungetoa chenga kwanza, kunoa tungemalizia.” Nikamwambia akaangalie karamu yake. Kurudi nyuma siwezi, nimeshahifadhi juu ya nakala ya mwanzo mle kwenye mashine.

Ijumaa, 28 Februari

Zamu ya rangi. Nimepunguza manjano, hayakwisha. Nikaongeza buluu. Yakabishana. Nikaongeza tena, nikaiacha mashine inapika, nikaenda kuswali.

Kurudi, Hinal mweupe pe! Mashangazi weupe. Hata ule uji wanaompaka kutoka kwenye bakuli umekuwa mweupe. Unga wa ngano, nadhani. Kila watu na mila zao. Nimelala mchana kwa raha.

Jumamosi, 1 Machi

Nyumbani kwa Mzee, Kisutu. Ukoo mzima sebuleni. Bibi Jasvanti kakaa mbele, miwani myeusi usoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kabla hata hajaona kitu.

Nikabonyeza. Bibi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasogea mpaka karibu na kioo cha televisheni. Kisha akauliza polepole, “Mjukuu wangu mmempaka nini? Manjano yake yako wapi?”

Akasema basi daktari kamharibu macho. Akaanza kulia.

Nilitamani sakafu ipasuke. Manjano! Dada yangu mwenyewe alisingwa kwa manjano na liwa siku saba kabla ya kuolewa, na mimi ndiye niliyetumwa sokoni kuyanunua! Nilikuwa ninamtafuta Melkiori kwenye ule mkanda, Hinal sikumwona kabisa. Aibu imenishuka mpaka miguuni.

Melkiori akatoa mkanda wa asili kwenye mfuko, akauweka. Chenga tele. Na manjano! Hinal anacheka, mashangazi wanamkandika mashavu. Bibi akacheka naye. Akaweka kiganja kwenye kioo, pale shavuni, kama naye anapaka. Akaomba urudishwe nyuma mara tatu.

Mashine kapewa Melkiori. Mimi nimepewa kubeba taa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nne nimejihoji. Nimekiri kosa langu, na nimejiapiza: manjano siyagusi tena maishani. Melkiori, moyo wake mzuri, kanipa nafasi nyingine. Ni mkanda wa jana kutoka parokia yao, misa ya Majivu. Yeye alikuwa anaimba kwaya, picha kapiga mtu mwingine. Kaniambia nitoe chenga tu, rangi nisiguse mpaka arudi kutoka Posta.

Nimeutazama wote. Manjano hakuna, alhamdulillahi. Lakini huyo mpiga picha! Lenzi chafu! Kila anayerudi kutoka mbele ana doa jeusi kwenye paji la uso. Wazee, wanakwaya, hata vichanga. Watu mia mbili, doa palepale! Na Melkiori mwenyewe yumo, nalo lake, masikini, wala hajui.

Atarudi akute wote safi. Nimenoa kwanza, ili madoa nisiyakose. Nimeanza na la padri.