Sukari ya Msiba wa Idarusi

Mwaka ule sukari iliadimika Tanga mpaka kashata zikatoweka kwenye sinia la Mundhir, muuza kahawa wa barabara ya kumi na tano. Wazee wakabaki kuteremsha kahawa kwa maneno. Siku hiyo maneno yaliletwa na Uweso, ambaye kwa kupenda habari wenziwe walimwita Redio.

"Pangani kuna mzee kafa bila kuandika chochote," alisema kabla hajakaa. "Kaka kachukua shamba, dada kachukua minazi. Sasa kaka kapiga marufuku nazi ya dada kudondoka kwenye ardhi yake."

"Idondoke wapi?" aliuliza Mundhir.

"Hewani. Dada kazifunga kamba moja moja, kama mbuzi."

"Na kivuli?"

"Kivuli kina kesi yake. Jioni kinalala kwa jirani."

Walicheka wote isipokuwa Idarusi. Yeye alikuwa na minazi kumi na mmoja Tongoni, aliyoipanda kwa mkono wake kwenye ardhi ya kaka yake Sadalla, kama watu wa huko walivyozoea: ardhi ya huyu, mti wa yule. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Tuhfa. Akilini alimwona Tuhfa huyo juu ya mnazi, kamba mkononi, na roho ikamuuma.

"Nataka kuandika wasia. Minazi yote ya Tuhfa."

"Mrithi hausiwi, shehe," alisema Mundhir. "Mpe hiba, ungali hai."

"Basi hiba. Noa, kalamu unayo?"

Noa, Mlutheri aliyestaafu ukarani kwenye shamba la mkonge, alikuwa na hati nzuri kuliko wote mtaani. Lakini siku hizo aliandika barua za aina moja tu, za kumwomba balozi wa nyumba kumi kibali cha sukari ya msiba. Bila kibali, duka la ushirika halikutoa hata punje. Aliandika, kisha akasoma: "Kufuatia kifo cha ndugu Idarusi..."

"Sijafa, Noa."

"Barua huanza hivyo, bwana. Ukianza vingine balozi hagongi muhuri."

"Basi tia neno, ijulikane kuwa bado."

Noa akatia: marehemu mtarajiwa. Uweso akaipeleka kwa balozi ikagongwe muhuri. Balozi alipoiona hati ya Noa hakujisumbua kusoma, aligonga, na kufika jioni habari ya kifo ilishafika Tongoni.

Kesho yake asubuhi Idarusi alikuwa ndani anakunywa uji, mara wanawake wakaingia uani na mikeka, wanalia. Mkewe Asmahani aliwaambia mume wake mzima. Wakamjibu kuna muhuri. Kisha barazani ikasikika sauti ya Sadalla, kafika na lori la kwanza kutoka Tongoni.

"Mungu amrehemu ndugu yangu. Ile minazi nimeshaiangua yote usiku huu, isije ikatuletea ugomvi na mtoto."

Idarusi aliweka bakuli chini. Kuitwa maiti hakukumuuma. Hilo la minazi lilimuuma sana. Alipotokeza barazani, Sadalla alimtazama juu mpaka chini, akamlaumu kwa kumpotezea nauli.

Alasiri alifika kijiweni. Kwenye sinia la Mundhir kulikuwa na kashata, zimepangwa safu tatu.

"Sukari umeipata wapi?"

"Msibani kwako," alisema Mundhir. "Uweso kapewa kilo kumi dukani, kwa ile barua."

"Irudisheni."

"Duka halipokei," alisema Noa. "Ikishatoka sukari ya msiba, msiba lazima uwepo. Labda ufe."

Idarusi alichukua kashata, akaitafuna taratibu. Ilikuwa tamu, na hilo likamzidishia hasira.

"Andika tena, Noa. Minazi kumi na mmoja ya Tuhfa, tangu leo, na nyote ni mashahidi. Mundhir na Uweso watie vidole, na Sadalla asomewe mbele ya watu."

Noa alilowesha ncha ya kalamu, akasita. "Nianzeje?"

"Kufuatia kufufuka kwa ndugu Idarusi."

"Balozi atagonga?"

"Hasomi," alisema Uweso.

Mundhir alikuwa anahesabu kashata zilizobaki. "Na sukari omba kilo ishirini," alisema. "Aliyefufuka huja kutazamwa na watu wengi zaidi."