Huruma Isiyo na Cheti katika Wodi ya Wanaume

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Mheshimiwa Daktari,

Ni matumaini yangu kwamba u mzima. Mimi nakuandikia nikiwa kitandani, nyonga yangu imeungwa kwa vyuma na vijana wako, kazi ambayo sina neno nayo. Walioniunga wana shahada. Nilihakikisha kabla ya upasuaji, na mtaalamu wa usingizi atashuhudia kwamba nilikuwa bado namuuliza alisomea wapi dawa iliponichukua.

Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu. Katika utumishi wangu nimewaondoa madarasani watu wengi waliowapenda watoto bila kusomea kuwapenda. Kwa hiyo usidhani nina chuki binafsi na mhudumu wa wodi hii, yule mama mnene wa sauti nzito ambaye wagonjwa wamempachika jina la Mama Pole. Chuki yangu ni ya kikazi. Naomba nieleze kwa utaratibu.

1. Mama Pole ameajiriwa kupiga deki, kubadilisha shuka na kumwaga yanayomwagwa. Nilimuuliza mwenyewe, akakiri. Lakini kila asubuhi huegemeza ufagio ukutani, akapita kitanda hadi kitanda akiuliza watu wameamkaje na, mbaya zaidi, akangoja jibu. Wagonjwa wanalitumia vibaya jambo hilo. Mzee wa kitanda cha dirishani, ambaye daktari akimuuliza husema "sijambo" na kunyamaza, akiulizwa na Mama Pole hueleza kama anayetoa ushahidi mahakamani. Muda wote huo sakafu inasubiri.

2. Nilimuuliza huruma hii aliisomea chuo gani. Akanijibu, "Baba, nimezaa na nimezika. Ningesoma saa ngapi?" Utakubaliana nami kwamba hakujibu swali.

3. Ili kumtendea haki, nilimtungia mtihani, akaufanya kwa mdomo huku akitandika. Swali la kwanza: Mgonjwa analia, taja hatua za kufuata. Alifikiri, akakunja pembe ya shuka, akasema, "Inategemea analilia nini." Nikamweleza kwamba mtahiniwa hajibu swali kwa swali. Akasema basi atakaa naye kwanza mpaka ajue. Sikuweza kumpa alama, kwa kuwa kukaa si hatua. Swali la pili hatukulifikia, maana aliniuliza mke wangu anakuja lini kunitazama, nikalazimika kumwambia kwamba ni marehemu, naye akavuta kiti akakaa. Mtihani ukavunjika.

4. Sasa linganisha na Sista wetu, yule mrefu asiyecheka. Ana stashahada mbili, na sindano yake ukiisikia ujue imeshatoka. Asubuhi moja jirani yangu wa kitanda, fundi seremala mwenye maradhi ya mapafu, alianza kutapika damu. Mama Pole alisimama na ndoo yake, mkono kichwani, hajui aanzie wapi. Sista alikuja bila kukimbia na bila kuchelewa. Akamlaza Fundi ubavu, akamsafisha koo, akamvisha kifaa cha hewa, na pumzi ikarudi. Huruma yote ya wodi hii, hata ingekusanywa ikakamuliwa, isingetoa tone la kumwokoa. Naomba hilo liandikwe.

Kilichonivunja moyo ni kilichofuata. Fundi aliendelea kutetemeka na kukivuta kile kifaa usoni. Sista, bila kugeuka, akasema, "Mama, njoo umshike. Mikono yangu yote ina kazi." Mama Pole akatua ndoo, akamshika, akamsemesha, mtu akatulia. Yaani mwenye stashahada mbili alimwita asiye na hata moja kusaidia tiba, mbele ya mashahidi.

5. Tabia hii inaambukiza. Tangu siku ile Fundi akawa hamezi dawa mpaka Mama Pole amsalimie. Wiki iliyopita nilimsikia Sista mwenyewe akimwambia mgonjwa "pole" huku anamchoma sindano. Alilitamka kama mtu anayejaribu kiatu cha kuazima, lakini alilitamka. Napendekeza Mama Pole ahamishiwe chumba cha wanaotengwa kwa maradhi ya kuambukiza.

Na tukishaanza kusafisha, tusafishe kote. Saa ya kutazama wagonjwa, getini hupita wake, mama na mashangazi ambao hakuna aliyewakagua. Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni analishwa uji na mama yake mzazi, mwanamke ambaye amemlea toka tumboni bila leseni.

6. Lalamiko la mwisho linanihusu mimi. Juzi mchana Mama Pole alikuwa mapumzikoni, na Sista alikuwa chumba cha pili akihangaika na majeruhi. Fundi akaanza kuita. Madaktari walikuwa wamemwambia kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu tu. Nikachukua magongo yangu, nikaketi ukingoni mwa kitanda chake, nikamweleza kwa kirefu sifa za wote wanaomtibu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mkaguzi, nimekusikia. Sasa nyamaza, unishike mkono."

Sikuwa nimesomea. Nikamshika. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama ubao. Akanisimulia mlango aliomtengenezea binti yake, ambao mvua zikinyesha hukwama, akataka mtu aupige randa kwa chini. Nikamwahidi nitamfikishia binti. Nikasema "pole". Halikuwa limepangwa. Baadaye akawa hasemi, na baadaye tena akawa hapumui. Nami sikujua wakati wa kumwachia, jambo ambalo mtu aliyefundishwa angelijua. Sista aliporudi alimfumba macho, kisha akaufungua mkono wangu kidole kimoja kimoja, akaushika kidogo kabla ya kuniwekea mapajani.

Kwa hiyo naomba: Mama Pole asimamishwe huruma, deki aendelee nayo, mpaka apate cheti kinachotambulika. Na mimi nichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kumhudumia mgonjwa bila sifa.

Nisalimie madaktari wote, walinzi wa getini, na wapishi, ambao sijaweza kubaini walisomea nini.

Wako mwenye kuheshimu vyeti,

Mkaguzi wa Shule Mstaafu,
Wodi ya Wanaume.

Nyongeza: Kesho naruhusiwa kwenda nyumbani. Kitanda cha jirani kimepata mgeni, dereva wa lori, pande la mtu, ambaye keshokutwa anafanyiwa upasuaji na kwa hofu anajifanya amelala kutwa nzima. Siku hiyo Mama Pole amepangwa wodi ya watoto, akaniomba nije nikae na dereva mpaka aitwe chumba cha upasuaji. Nilimkumbusha kwamba sina sifa. Akasema, "Najua, baba. Njoo hivyo hivyo." Naomba kibali cha kuingia nje ya saa za kutazama wagonjwa. Ombi hili lishughulikiwe leo. Hayo malalamiko hayana haraka.