Jino Moja la Cheni ya Taimingi

Jumanne, 4 Machi

Baba watoto, nakuandikia humu humu kwenye daftari lako la gereji, kurasa za nyuma. Za mbele umezijaza vipimo vya valvu na alama za dole gumba lako la oili. Pokea salamu huko kaburini. Mama yako hajambo, anakula, anasikia anachotaka kusikia. Kaka yangu hajambo, miwani yake imevunjika mkono, ameifunga kwa uzi. Kitinda mimba wetu hajambo, kucha nyeusi kama zako. Wakubwa wako makwao, wanasema hawajambo, nasi tunawaamini. Paka hajambo. Injini ya pikapu yako haijambo kiasi. Imelala barazani juu ya meza yetu ya kulia, na sisi tunakula sahani zikiwa magotini. Mimi mwenyewe sijambo, ila roho haijatulia.

Sababu ni hii. Kitinda amepata kazi kwenye karakana ya mbali, mwendo wa siku mbili. Anaanza wiki ijayo, na atakwenda na pikapu yako. Kwa hiyo injini ikipona, mtoto anaondoka. Isipopona, anabaki. Shule sikufika mbali, lakini hesabu hiyo naiweza.

Jumatano, 5 Machi

Leo cheni ya taimingi. Ile kuukuu imelegea, ndiyo iliyokuwa inalia kama mtu anayetikisa vijiko. Kaka alishauri inunuliwe ya safu moja, nyepesi. Kitinda akamwambia, kwa heshima zote mjomba, gia hizi ni za safu mbili, na baba alifunga safu mbili miaka yote haikukatika hata siku moja. Nilifurahi mpaka nikasahau niko upande gani.

Akaenda dukani, akarudi na cheni mpya kwenye boksi. Alipoingia kuoga, nikaanza kazi. Mpya nikaizika kwenye pipa la unga. Kuukuu nikaisugua kwa mafuta ya taa na mswaki wa kaka hadi ikang'aa. Nikaiweka kwenye boksi. Nikakaa kupeta mchele, uso mtakatifu.

Kumbe mjanja ana mwenzake. Kitinda akaishika kwa ubavu, akainyoosha hewani. Cheni nzima hukaa kama rula. Hii iliinama kama mkia wa paka aliyeloa. Akarudi dukani amefura. Muuza spea akaja mwenyewe hadi mlangoni kuomba radhi, akaapa kwamba hajawahi kuuza kuukuu kwa jina la mpya, akatoa nyingine. Nikamkaribisha chai. Aliinywa kwa huzuni. Sasa nyumba ina cheni mbili mpya, na mkate wa jioni ulinuka gereji. Kaka anauliza mswaki wake una nini.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kupanga taimingi. Unakumbuka? Wewe umepiga magoti mbele ya injini, mimi na spana kubwa nazungusha krenki, ule mhimili wa chini. Unaniambia twende, twende, hapo hapo, rudi unywele mmoja. Nina mimba ya Kitinda ya miezi saba, tumbo linagonga meza. Ulinieleza kwamba valvu na pistoni ni kama watu wawili kwenye mlango mwembamba, mmoja akipita mwingine sharti apishe, na cheni ndiyo inayowagawia zamu. Gia ya juu ina nukta, ya chini ina nukta. Zikitazamana uso kwa uso, nyumba ina amani. Mengine uliyosema sikuyashika. Nilikuwa nakutazama shingo.

Leo kaka ndiye aliyepanga nukta, huku akijisifu kwamba taimingi anaijua hata usingizini. Boliti za gia ya juu wakaziacha zimekazwa kwa vidole tu, wakaenda kunawa wapate kula.

Nikabaki mimi na injini. Nikajiambia jino moja tu. Jino moja haliui mtu. Injini itakohoa, haitavuta, wataishusha tena, wiki itapita, kazi atapewa mwingine. Nikaitoa gia, nikaisogeza cheni jino moja upande wa ukuta, nikairudisha.  Nikajifuta kwenye kanga, nikaenda kupakua. Sikuweza kula.

Jumamosi, 8 Machi

Jana, kabla ya kufunga kifuniko, Kitinda alizungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nukta zikarudi uso kwa uso. Nilidhani macho yananidanganya. Yeye akakunja uso, akamuuliza mjomba wake mbona juzi alipanga kwa ule mkwaruzo ulio kando ya nukta, jino zima pembeni, na nani kairekebisha. Kaka akajibu bila kupepesa kwamba ni yeye, alikuwa anampima mtoto akili.

 Kitinda alikuwa anatazama kanga yangu, pale penye grisi. Baadaye akanifuata jikoni, akasema kumbe miaka yote ile nilikuwa namwangalia baba kwa makini.  Nikasema ndiyo.

Leo injini imerudi garini. Imewaka mara moja. Mlio ni ule ule, mzito, usio na haraka. Mama yako, ambaye hasikii, alitoka nje na fimbo yake akauliza kama umerudi.  Mimi niliingia ndani kukata vitunguu ambavyo havikuwa vya mlo wowote.

Jumapili, 9 Machi

Kesho saa tatu asubuhi anaondoka. Nguo zake amezikunja kwa mistari, ufunguo wa pikapu umo mfukoni mwake. Amenikumbatia. Ananukia wewe.

Wiki hii nimejifunza mengi. Cheni ni mambo ya wenye fani, na mkono wa mama usiguse taimingi tena. Nimekubali kwa moyo mweupe.

Ila nimeona nyaya za plagi, zile zinazopeleka cheche za kuwashia injini. Ziko juu, wazi, nne, hazihitaji hata spana. Ule wa pili na wa tatu zinalingana urefu kabisa. Baba watoto, nijulishe: nikizibadilisha makazi, gari linagoma palepale, au linafika kona kwanza ndipo linashindwa? Naomba liwe la kona, nipate kumpungia mkono vizuri. Leta jibu upesi, kabla ya saa tatu.